Mti Uliolala Si Mti Uliokufa
(Somo la kupogoa na kutunza miti ya chunguni wakati wa kiangazi)

Kila mwaka jambo lile lile hurudiwa majumbani mwetu na hata mashuleni. Chungu chenye mche wa mbuyu kinakaa barazani mwaka mzima, majani yamependeza, kila apitaye anakisifu. Ifikapo Januari au Februari, jua la kiangazi linawaka, majani yanageuka manjano na kupukutika moja moja mpaka kubaki kijiti kitupu. Mwenyewe hutazama akasema, "Ah, huu umekufa." Hapo hutokea moja kati ya mawili. Ama mti unatupwa jalalani, ama mtu mwenye huruma anaanza kuumwagilia maji asubuhi na jioni, akidhani una kiu, mpaka mizizi ikaoza. Mwenye hasira na mwenye huruma, wote wawili wameuua mti uliokuwa hai.

Makala haya yana nia ya kuiokoa miti hiyo. Tutaona sanaa ya kukuza miti chunguni imetoka wapi, kwa nini baadhi ya miti huangusha majani, namna ya kutambua mti uliolala na uliokufa, na jinsi ya kupogoa na kutunza mti katika usingizi wake. Pia, kwa kuwa sisi ni wana-Kiswahili, tutaona jinsi neno moja la majira likitafsiriwa vibaya linavyoweza kuua mti. Si utani, soma uone.

BONSAI NI NINI?

Bonsai ni neno la Kijapani. Sehemu ya kwanza, bon, ni chombo kipana kisicho na kina kirefu. Sehemu ya pili, sai, ni kupanda. Kwa hivyo maana yake ni kitu kilichopandwa chomboni. Sanaa yenyewe ilianzia Uchina, kisha Wajapani wakaichukua na kuikuza kwa namna yao. Mwaka 1925, baada ya tetemeko kubwa la ardhi lililoharibu Tokyo mwaka 1923, wakulima wa miti hiyo walihamia Omiya na kuanzisha kijiji chao, ambacho hadi leo ni maarufu kwa kazi hiyo.

Watu wengi hufikiri kwamba bonsai ni aina maalumu ya mti mfupi. La hasha. Mbegu yake ni ile ile ya mti mkubwa. Ukiuhamishia mti huo ardhini, utarefuka kama ndugu zake. Ufupi wake hutokana na mambo matatu: chungu kidogo, kupogolewa matawi, na kupunguzwa mizizi. Haya yote hufanywa kwa kipimo na kwa wakati wake, mti ukibaki na afya.

Subira yenyewe ni ya ajabu. Katika bustani ya taifa ya miti huko Washington, Marekani, kuna msonobari wa Kijapani uliotunzwa chunguni tangu mwaka 1625. Ulikuwa mali ya ukoo wa Yamaki mjini Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, mti huo ulikuwa umekingwa na ukuta wa bustani ukanusurika. Mwaka 1976 familia hiyo iliutoa zawadi kwa Wamarekani. Msonobari haupukutishi majani yote kama mbuyu, lakini tumeutaja ili msomaji aone kwamba mti wa chunguni, ukipata mikono mizuri, waweza kurithiwa na wajukuu wa wajukuu.

MAJIRA HAYATAFSIRIKI

Vitabu vingi vya sanaa hii vimeandikwa Japani, Ulaya na Marekani. Karibu vyote hutoa kanuni hii: mti unaopukutisha majani upogolewe mwishoni mwa majira ya baridi, kabla machipukizi hayajafunguka. Kanuni ni njema. Tatizo linaanza pale mwanafunzi anapotaka kuitumia hapa kwetu. Anafungua kamusi atafute jina la majira ya baridi, na kamusi inampa "kipupwe". Anatazama kalenda, anaona kipupwe chetu ni Juni hadi Agosti. Basi mwezi wa Julai anachukua mkasi na kuanza kukata.

Hapo amekwisha potea. Kipupwe chetu hufuata masika. Upepo wa kusi unavuma, manyunyu hayajaisha, hewa ina unyevu, na miti mingi bado imevaa majani yake. Hata Julai, mwezi wenye ubaridi kuliko yote, wastani wa joto katika pwani hii ni karibu digrii 24 za sentigredi. Hiyo kwa Mjapani si baridi hata kidogo. Ukikata mti wenye mti-laini kama mbuyu wakati huo, kidonda hakikauki upesi, na ukungu na uozo hupata mlango wa kuingilia.

Je, majira yao ya baridi ni sawa na majira gani yetu? Ukiangalia hali ya hewa, hayalingani na lolote. Ukiuangalia mti wenyewe, yanalingana na kiangazi chetu. Huko Japani mti hulala kwa sababu ya baridi. Hapa Kwale mti hulala kwa sababu ya ukame. Sababu ni mbili, usingizi ni mmoja. Kwa hivyo tusitafsiri jina la mwezi wala la majira, bali tutafsiri hali ya mti. Wao wakisema "mwisho wa baridi", sisi tuseme "mwisho wa kiangazi, kabla ya masika".

Jambo hili pia linaeleza kwa nini mti wa Kijapani unaosifika kwa majani mekundu, yaani mepoli, haustawi Ukunda wala Msambweni. Mti huo unahitaji majuma mengi ya baridi ndipo uamke vizuri. Asiyelala hapumziki, na asiyepumzika hudhoofu. Badala ya kutamani miti ya watu, tuitazame yetu.

KWA NINI MTI HUANGUSHA MAJANI?

Jani ni jiko la mti. Humo ndimo usanisinuru hufanyika: nuru ya jua, maji na hewa ya kaboni dioksidi hugeuzwa kuwa sukari. Lakini jiko hilo lina madirisha, matundu madogo yaitwayo stomata, na kila yanapofunguka kuingiza hewa, maji nayo hutoka. Wakati wa masika hasara hiyo haina uzito kwa kuwa ardhi imejaa maji. Wakati wa kiangazi, majani mengi ni kama mitungi inayovuja.

Mti wenye busara hufunga jiko. Kwanza huvuta kutoka katika majani vile vitu vya thamani unavyoweza kuviokoa, ndiyo maana rangi ya kijani hupotea na manjano au wekundu huonekana. Halafu penye kikonyo cha jani hujengeka ukuta mwembamba unaolitenga jani na tawi. Upepo mdogo tu, jani limeanguka. Chakula kilichobaki huwekwa akiba ya wanga katika shina na mizizi. Mbuyu, zaidi ya hapo, una shina laini linalohifadhi maji mengi. Akiba hiyo ndiyo itakayotoa majani mapya mti utakapoamka.

Ukitaka kuona somo hili bila kitabu, nenda chini ya mkungu. Hakuna mtoto wa pwani asiyeujua mkungu, kwani ndio mti wa kuokotea kungu na kuzipasua kwa jiwe. Kabla ya kupukutika, majani yake makubwa hugeuka mekundu kabisa, kisha mti ukabaki mtupu kwa muda mfupi na kuchipua tena. Mkrismasi nao, ule wa maua mekundu, hupukutisha majani katika ukame. Mtu haukati mkungu wa uani kwa sababu eti umekufa, anajua utachipua. Mbona basi mche wa chunguni haupewi imani hiyo hiyo?

UMELALA AU UMEKUFA?

Hebu tusikilize mazungumzo haya ya mfano kati ya bibi na mjukuu wake.

Mjukuu: Shikamoo bibi.
Bibi: Marahaba, mjukuu wangu. Wapeleka wapi chungu hicho?
Mjukuu: Jalalani, bibi. Mbuyu wangu umekufa. Hauna hata jani moja.
Bibi: Nani kakwambia? Ulete hapa. Haya, kwaruza kidogo gome kwa ukucha.
Mjukuu: Naona kijani, bibi.
Bibi: Sasa bonyeza shina kwa kidole. Lainika?
Mjukuu: Hapana, ni gumu.
Bibi: Basi huyo kalala. Nawe ukilala, wataka kumwagiwa maji usoni?

Bibi ametufunza vipimo viwili, nasi tuongeze cha tatu.

Kwanza, kipimo cha ukucha. Chini ya gome la nje la mbuyu kuna tabaka la kijani ambalo huendelea kutengeneza chakula kidogo hata mti ukiwa mtupu. Kwaruza mahali padogo sana. Ukiona kijani chenye unyevu, mti uko hai. Ukiona kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena. Huenda tawi limekufa lakini shina li hai.

Pili, kipimo cha kidole. Shina lililolala huwa gumu, pengine limenywea kidogo kwa kutumia maji yake. Shina lililooza hulainika kama papai lililoiva mno, na mara nyingi hutoa harufu mbaya. Uozo huanzia chini, karibu na udongo.

Tatu, kipimo cha jicho. Tazama vichwa vya matawi. Penye uhai kuna vijicho vilivyofumba, vidogo na vigumu. Kadiri masika yanavyokaribia vitavimba. Hiyo ndiyo saa ya mti, na ni ya kweli kuliko kalenda ya ukutani.

MITI YETU IFAAYO

Kila mti una usingizi wake, na matunzo yake hufuata usingizi huo. Tutaje minne.

Mbuyu: Huu hulala fofofo. Hupenda ukavu unapolala na huchukia maji yaliyotuama. Mche mchanga una majani ya kipande kimoja kimoja. Ukikua ndipo jani hugawanyika kama vidole vya mkono. Usishangae basi ukiona mche wako haufanani na mbuyu wa njiani.

Waridi la jangwani: Hili nalo hupatikana porini katika pwani yetu. Lina shina nene na maua ya waridi, na hulala katika ukame kama mbuyu. Tahadhari: utomvu wake ni sumu. Usiuguse macho wala mdomo, na unawe mikono vizuri kwa sabuni baada ya kulikata.

Mkwaju: Huu hulala nusu. Ukipata maji hubaki na majani karibu mwaka mzima, ukikosa huyapukutisha. Vijani vyake ni vidogo, kwa hivyo chunguni huonekana mti mzima uliopunguzwa. Jioni vijani hivyo hujikunja, na hilo si ugonjwa. Usiukaushe kabisa kama mbuyu.

Mkrismasi: Hukua upesi na hupukutika wazi wazi, kwa hivyo ni mwalimu mzuri kwa anayeanza. Lakini jani lake ni refu, nao huhitaji chungu kikubwa kiasi.

KUPOGOA

Vifaa si vingi: kisu kikali au mkasi wa kukatia miti, msumeno mdogo kwa matawi manene, kitambaa safi na spiriti ya kusafishia makali. Kifaa kichafu huhamisha ugonjwa kutoka mti mmoja hadi mwingine. Kifaa butu hupondaponda, na pondo haliponi upesi.

Wakati: kwa mbuyu na waridi la jangwani, pogoa mti ungali mtupu, majuma matatu au manne kabla ya masika, yaani kati ya katikati ya Februari na mwanzo wa Machi kwa miaka mingi. Kidonda kitapata jua na upepo mkavu wa kaskazi, kitakauka na kufunga kabla ya mvua. Mkwaju waweza kungoja mpaka vijicho vivimbe. Zipo faida nyingine za kupogoa mti mtupu: unaona mifupa yake yote bila kufichwa na majani, na chakula chake kiko salama chini, hivyo hukati akiba.

Sasa fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Usikate. Weka chungu juu ya meza usawa wa macho, uzungushe, utazame pande zote. Amua upande wa mbele ni upi, ule unaoonyesha vizuri shina na mizizi ya juu.

Hatua ya 2: Ondoa matawi makavu. Hayo hayana mjadala.

Hatua ya 3: Ondoa tawi linalokwaruza jingine, linalorudi ndani kwenye shina, au linalotazama chini kabisa. Matawi mawili yakitoka mahali pamoja kama pembe za ng'ombe, chagua moja libaki.

Hatua ya 4: Fupisha yaliyobaki. Kata juu kidogo tu ya jicho, kwa mteremko, ili maji yasikae juu ya kidonda. Tawi jipya litaelekea kule jicho linakotazama. Ukitaka mti utanuke, acha jicho linalotazama nje.

Hatua ya 5: Simama. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya matawi kwa mwaka mmoja. Tawi lililobaki utalikata mwakani, lililokatwa hutalirudisha.

Msomaji atauliza, kwa nini tukikata kichwa kimoja huchipuka viwili au vitatu? Jibu ni hili. Ncha ya tawi hutengeneza kichocheo kiitwacho oksini, ambacho hushuka chini na kuviambia vijicho vya ubavuni vilale. Ukiondoa ncha, amri hiyo inakatika, na vile vilivyokuwa vimezuiwa huamka. Ndivyo mti mwembamba kama mchicha unavyopata matawi mengi na umbo la mbuyu wa uwanjani. Lakini kumbuka pia kwamba shina hunenepa kwa wingi wa majani. Ukiupogoa mche mchanga kila mara, utabaki mwembamba kama kijiti. Uache kwanza ukue kwa uhuru mwaka mmoja au miwili, unenepe, ndipo uanze kuutengeneza.

Baada ya kukata, acha kidonda kikauke. Watu wengine hupaka unga wa mkaa. Si vibaya, ila dawa iliyo kuu ni ukavu. Usinyunyize maji juu ya matawi kwa siku kadhaa.

Na kupinda je? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tawi changa hupindwa kwa waya wa shaba au wa aluminiamu uliozungushwa polepole. Kwa mbuyu, ambao gome lake ni laini na hutiwa alama upesi, ni afadhali kulivuta tawi kwa kamba na kuifunga kwenye ukingo wa chungu. Tazama kila juma. Waya au kamba ikianza kuuma gome, iondoe mara moja.

MIZIZI NA UDONGO

Usingizi ndio wakati wa kubadilisha udongo pia. Si kila mwaka. Kila baada ya miaka miwili au mitatu yatosha. Mtoe mti chunguni, kung'uta udongo wa zamani, kata mizizi mirefu kiasi cha theluthi. Mbuyu mchanga una mzizi mkuu ulionenepa kama karoti. Huo hufupishwa ili mizizi ya pembeni itawanyike na chungu kisichohitaji kina kiutoshe. Kwa mbuyu na waridi la jangwani, weka mti kivulini pakavu siku chache mpaka vidonda vya mizizi vikauke, ndipo uupande. Mkwaju haufanyiwi hivyo. Wenyewe hupandwa papo hapo na kupewa maji.

Udongo uwe wa kupitisha maji haraka. Changanya mchanga mzito wa mtoni, vipande vidogo vya matofali au vigae vilivyopondwa, na mboji kidogo iliyooza vizuri. Hapa ndugu zetu wa Diani na Msambweni wajihadhari: mchanga wa ufukweni haufai. Una chumvi, na una chembe za matumbawe zenye chokaa nyingi. Chungu nacho lazima kiwe na matundu chini. Chungu kisicho na tundu ni kaburi.

MAJI, JUA NA UPEPO MTI UKILALA

Mbuyu ukishapoteza majani, punguza maji mpaka karibu kuyasimamisha. Kikombe kidogo mara moja kwa majuma matatu au manne chatosha, ili mizizi myembamba isife kabisa. Waridi la jangwani ni vivyo hivyo. Mkwaju upe maji kila udongo wa juu unapokauka, lakini pungufu kuliko wakati wa masika. Mti ambao haujalala usiulazimishe kwa kuung'oa majani. Punguza maji taratibu. Wenyewe utajua la kufanya.

Mbolea usitie kabisa. Mti uliolala hauli. Chumvi za mbolea hubaki udongoni na kuunguza mizizi.

Jua si adui wa shina la mbuyu, bali joto la chungu ndilo adui. Mkebe mweusi juu ya sakafu ya saruji saa nane mchana hupika mizizi. Weka chungu juu ya ubao au mawe ili hewa ipite chini. Huko Japani wao huficha vyungu vyao visiganda kwa barafu, kwa sababu mizizi ya chunguni haina ardhi ya kuifunika. Sisi tunaificha na moto. Sababu yetu ni ile ile yao: mti wa chunguni una udongo mdogo, kwa hivyo hauna blanketi.

Walio karibu na bahari wakumbuke kwamba upepo huleta chumvi. Weka mti nyuma ya ukuta au ua. Na walio Diani wakumbuke majirani zao tumbili, ambao hupenda machipukizi mabichi na hawana habari na miaka uliyotumia kuyangoja.

Jambo la mwisho hapa ni likizo. Mtu akisafiri mwezi wa Desemba humwachia jirani mti na kumwambia, "Uutie maji." Mwambie kiasi, na umwambie lini. Au andika kwenye kikaratasi ukibandike chunguni: UMELALA, USIMWAGE MAJI.

KUAMKA

Vijicho vikianza kuvimba na kuonyesha kijani, mpe mti maji ya kulowesha udongo wote, kisha ngoja mpaka udongo ukauke juu kabla ya kurudia. Majani yakishafunguka na kukomaa, anza mbolea kidogo, kama vile samadi iliyooza iliyolowekwa na kuchujwa. Machipukizi yakifika majani matano au sita, yadonoe kwa vidole mpaka yabaki mawili au matatu. Huko ndiko kupogoa kwa masika. Ni kwa vidole tu, si kwa msumeno. Mvua zikizidi, inua chungu au kiinamishe kidogo maji yasituame.

Mbuyu waweza kuchelewa. Mkungu wa jirani umechipua, mkrismasi umechipua, wako bado. Rudia vipimo vitatu vya bibi. Maadamu kuna kijani chini ya gome, ngoja.

MTI UPATIKANE WAPI?

Hapa pana jambo la haki, si la bustani tu. Huko ng'ambo baadhi ya wapenda bonsai huchimbua miti ya porini iliyodumaa yenyewe. Sisi tusifanye hivyo. Misitu ya makaya, kama Kaya Kinondo hapa Diani, ni mahali patakatifu pa wazee wetu. Makaya mengi ya Kwale yalitangazwa kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda katika urithi wa dunia, Kinondo ikiwemo. Mwiko wa wazee na sheria ya serikali vyote vinakataza kung'oa mti humo.

Tusisahau pia yaliyotokea kwa jirani zetu wa Kilifi mwaka 2022. Mibuyu mikubwa iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia ikapambe bustani. Watu walilalamika, na mwezi wa Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaamuru uhalali wa kazi hiyo uchunguzwe. Halafu kuna habari nzito zaidi. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kwamba baadhi ya mibuyu mikongwe na mikubwa kuliko yote kusini mwa Afrika, mingine yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, imekufa au kuanguka ndani ya miaka michache tu. Wakati kama huu, kung'oa si sanaa.

Mbegu zipo tele. Tafuta buyu lililokomaa, usitumie mbegu za ubuyu wa dukani uliopikwa na kutiwa rangi. Osha mbegu, sugua ganda lake gumu kwa msasa au jiwe mpaka ukaribie ndani, loweka kwa maji ya moto yaliyopoa usiku kucha, kisha panda kina cha ncha ya kidole. Nyingine huota kwa wiki moja au mbili, nyingine hukawia. Gharama ni bure.

TAMATI

Hata mbuyu ulianza kama mchicha, nasi tumeona kwamba kila mwaka hurudi kuwa kama kijiti kabla haujaendelea. Mtunzaji mwema hahukumu mti kwa majani yake. Ataukwaruza kwa ukucha, atabonyeza, atatazama jicho, kisha atafanya lile dogo linalohitajika na kuuacha. Basi ukipita barazani Februari ukaona chungu chenye kijiti kitupu, usikichukue kukipeleka jalalani. Uliza kwanza: umelala au umekufa?

MSAMIATI

Pogoa: kata matawi ya mti kwa mpango.
Pukutika: anguka kwa majani kutoka mtini.
Jicho: mahali kwenye tawi ambapo chipukizi hutokea.
Kipupwe: majira ya ubaridi baada ya masika, Juni hadi Agosti.
Kikonyo: kijiti kinacholishika jani au tunda kwenye tawi.
Mboji: majani na takataka za mimea zilizooza zikawa rutuba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ni makosa kutafsiri majira ya baridi ya Japani kuwa kipupwe katika somo la kupogoa?
2. Taja vipimo vitatu vya kutambua mti ulio hai.
3. Eleza tofauti ya matunzo ya mbuyu na mkwaju wakati wa kiangazi.
4. Ukikata ncha ya tawi, kwa nini vijicho vya ubavuni huamka?
5. Kazi ya mikono: panda mbegu tano za mbuyu, na uandike kila juma unachokiona hadi kiangazi kijacho.